Mioyo yenye mawazo mengi: amani ya Kristo katika mji wa Lubumbashi

Tangu mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katika mwezi uliofuata, wachungaji wa Lubumbashi wanapokea ombi la namna mpya. Zamani mtu alipokuja kutuona katikati ya juma alileta jambo lenye jina: ndoa, ugonjwa, kazi iliyopotea, mtoto aliyekataa shule. Siku hizi wengi wanakuja bila jambo. Wanakaa, wananyamaza kidogo, kisha wanasema tu kwamba wana mawazo. Usingizi umekimbia. Moyo unadunda simu inapolia usiku, hata kama anayepiga ni jirani anayeuliza kama umeme umerudi upande wetu.

Katika Kiswahili chetu cha Kongo, kuwa na mawazo si kufikiri. Ni kubeba mzigo ambao hauna mahali pa kuutua. Tumeona vema kuandika juu ya mzigo huo, ili wapendwa walioko Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Bunia wajue hali ya wenzao wa kusini, na ili tujiulize pamoja ni amani gani kanisa linayo ya kuwapa watu hawa. Swali hilo si jepesi kama mahubiri mengi yanavyolifanya kuwa.

Vita visivyosikika

Kutoka Lubumbashi hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,000 hata kwa kupima angani. Hatujasikia hapa mlio wa bunduki wa vita hivi. Wapo wanaosema kwamba watu wa Katanga wanalala vizuri wakati Kivu inalia. Anayesema hivyo hajakaa katika nyumba za Kampemba au Ruashi ambamo baba ametoka Walungu, mama ametoka Uvira, na watoto wamezaliwa hapa.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na mapigano ya mwezi wa kwanza 2025. Benki za Goma na Bukavu zilifunga milango. Mtoto aliye Lubumbashi anayemsaidia mzazi wake huko anatuma pesa kwa simu, na mzazi akitaka noti mkononi anakatwa sehemu kabla hajanunua hata kilo moja ya maharagwe. Halafu kuna misiba. Mtu akifiwa na mama yake Bukavu, hawezi tena kuondoka asubuhi akafika mazikoni jioni. Anayetaka kwenda kwa barabara kupitia nchi jirani anahitaji pasipoti, pesa za mipaka mitatu au minne, na ujasiri wa kujibu maswali ya askari wa pande mbili. Wengi hawana hata kimoja cha vitu hivyo. Basi wanaweka kilio hapa hapa: turubai barabarani, viti vya kuazima, makala ya kuota usiku, na picha ya marehemu juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Mwili haupo. Kaburi watalijua kwa picha ya WhatsApp.

Tumeombea vilio vya namna hiyo mara nyingi mwaka huu uliopita, na tumeona kwamba huzuni ya mtu ambaye hakuona jeneza haimaliziki kwa siku tatu. Inarudi. Inarudi wakati wa chakula, au katikati ya wimbo wa kwaya, na watu walio karibu hawaelewi kwa nini dada yao anatoka nje akilia wakati wenzake wanapiga makofi.

Mwezi wa 12 ulileta hofu nyingine. Tarehe 4 mwezi huo, 2025, marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano huko Washington. Tarehe 10 M23 wakaingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Hapo watu wa Lubumbashi wakafungua ramani. Baada ya Uvira kuna barabara ya kushuka Fizi, baada ya Fizi kuna Kalemie, na Kalemie ni Katanga ya zamani. Wazee hawakuhitaji ramani. Wao wanakumbuka mwezi wa nne 1997, wakati AFDL ilipoingia mjini, na mwezi wa 12 mwaka 2000, wakati Pweto ilipoanguka na watu wakakimbilia Zambia. Vijana nao wana kumbukumbu zao: Machi 2013, Bakata Katanga walipoandamana na silaha hadi katikati ya mji, na asubuhi ile ya tarehe 14 Februari 2021, kambi za Kimbembe na Kibati ziliposhambuliwa. Mji wenye kumbukumbu kama hizi hauhitaji kusikia bunduki ili uogope. Unahitaji sauti moja tu ya WhatsApp isiyo na jina la mwenyewe, na kesho yake wamama wa soko wanafunga vitu saa nane.

Unga, dola na kobalti

Hatutaki kufanya vita kuwa sababu ya kila kitu. Mzigo wa mtu wa Lubumbashi una kamba nyingi.

Kuna bukari. Unga wetu mwingi unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa mwishoni mwa Februari 2024, sisi huku tuliusikia ukame huo ndani ya sufuria. Mwezi wa nane mwaka uleule Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi juu ya bia na vinywaji baridi. Kwa waheshimiwa ilikuwa habari ya biashara. Kwa mama anayenunua unga kwa kipimo cha siku moja ilikuwa hesabu ya nani atakula usiku.

Kuna kobalti. Serikali ilisimamisha kuiuza nje tarehe 22 Februari 2025, ikaongeza muda, kisha kuanzia tarehe 16 Oktoba ikaweka viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Nia ilikuwa kupandisha bei iliyokuwa imeanguka vibaya, na bei ilipanda kweli. Hatuna ugomvi na nia hiyo. Nchi inayo haki ya kulinda mali yake. Lakini kati ya uamuzi wa Kinshasa na bei ya ulimwengu kuna dereva wa lori, kuna kijana wa depo, kuna fundi aliyekuwa akishona nguo za kazi za wafanyakazi. Hao ndio wanaokaa kwenye benchi la nyuma kanisani. Na katika mwezi uleule wa 11, 2025, maji machafu ya kampuni moja ya kusafisha madini yalitiririka katika mitaa ya mji wetu hadi Waziri wa Madini akasimamisha kazi zake. Na siku chache baadaye, tarehe 15, daraja la wachimbaji liliporomoka huko Kalando, Lualaba, likaua watu wasiopungua 32. Katika shimo la namna ile anashuka mtoto wa mtu fulani tunayemjua, na mama yake kila asubuhi anajua anakokwenda.

Na kuna jambo la dola, ambalo tunalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi mawazo yanavyofanya kazi. Kati ya Septemba na Oktoba 2025 franka ilipanda ghafula. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa karibu franka 2,850 ikashuka chini ya 2,400 kwa majuma machache. Ilikuwa habari njema, au ingepaswa kuwa. Lakini bei za sokoni hazikushuka kwa mwendo huo. Aliyekuwa na dola 100 chini ya godoro kwa ajili ya shule ya watoto aliamka akiwa maskini kidogo, na mwalimu anayelipwa kwa franka hakuona utajiri wowote. Tulishangaa kuona watu wakihangaika kwa sababu ya habari njema. Tulipowasikiliza tukaelewa: mtu aliyeumwa mara nyingi anaogopa hata mkono unaokuja kumpa. Hapa Lubumbashi wapo wazee waliopokea pesa za kuondoka kazini Gécamines mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa pamoja, wakaambiwa ni mwanzo mpya. Watoto wao hawajasahau jinsi mwanzo huo ulivyokuwa.

Neno amani limechoka

Mwaka 2025 neno amani lilitiwa sahihi mara nyingi. Tarehe 27 Juni, Washington, mawaziri. Tarehe 19 Julai, Doha, serikali na M23, tangazo la misingi. Mwezi wa 11, Doha tena. Tarehe 4 Desemba, Washington, marais wenyewe, na siku hiyohiyo Kongo na Marekani wakatia sahihi ushirikiano ambamo madini yana nafasi kubwa. Sisi si watu wa kudharau mapatano. Kila siku ambayo bunduki inanyamaza ni siku ambayo mtoto fulani hafi, na wale wanaocheka mazungumzo mara nyingi wana watoto wao mbali na mstari wa mbele. Lakini inatupasa kusema wazi kile ambacho waumini wanatuambia: kila sahihi ambayo haikufuatwa na utulivu imewafundisha kutokuamini neno lenyewe. Yeremia katika sura ya 6 aliwalaumu manabii na makuhani wa wakati wake kwa kuponya jeraha la watu juu juu, wakitangaza amani ambayo haikuwapo. Hakuwalaumu wafalme peke yao. Aliwalaumu watu wa madhabahu.

Katika jambo hili tunawaheshimu viongozi wa Kanisa la Kristo katika Kongo na wenzao maaskofu Wakatoliki wa CENCO. Tangu mwezi wa kwanza 2025 wameleta mpango wao wa Mkataba wa Kijamii kwa ajili ya amani na kuishi vema pamoja. Mwezi wa pili walimwona Rais Tshisekedi Kinshasa, kisha wakaenda hadi Goma kuonana na Corneille Nangaa. Walitukanwa sana kwenye mitandao kwa safari ile, hata na watu wa makanisa yetu. Mtu anaweza kubishana na njia yao. Lakini mchungaji anayewaambia waumini wasiwe na hofu, huku akichukizwa na wale wanaokwenda kuzungumza na watu wenye bunduki, anataka mavuno ya shamba ambalo hakubali lilimwe.

Paulo naye alikuwa na mawazo

Sasa tuje kwenye mimbari. Kuna mahubiri ya namna mbili ambayo mtu mwenye wasiwasi anakutana nayo katika mji huu. Ya kwanza yanamkemea: ukihangaika, imani yako ni ndogo, Mtume ameagiza tusihangaike, basi wewe ni mwasi. Mtu aliyekuja na mzigo mmoja anarudi nyumbani na miwili. Ya pili yanamuuzia: wasiwasi wako una mtu nyuma yake, shangazi au jirani au mtoto wa kambo; lete sadaka, ingia chumba cha maombi, funga siku saba, tutamtaja. Hayo ya pili yamejaza nyumba nyingi Katuba na Kenya na pembeni za Annexe, na yamevunja familia nyingi zaidi ya alizozivunja umaskini. Watoto wanaolala sokoni kwa sababu waliitwa wachawi nyumbani kwao wamefika huko kupitia mawazo ya watu wazima ambayo hayakupata mchungaji wa kweli.

Tulipokuwa shule ya theolojia tulifundishwa kusoma barua nzima kabla ya kuhubiri mstari mmoja. Tuisome basi barua kwa Wafilipi, ambamo limo lile agizo la sura ya 4 la kutohangaika na kumwambia Mungu haja zetu kwa sala na shukrani. Aliyeiandika alikuwa kifungoni, hajui kama hukumu yake itakuwa uhai au kifo. Waliopokea walikuwa kanisa lenye ugomvi: mistari michache tu kabla ya agizo hilo anawasihi wanawake wawili, Euodia na Sintike, wapatane, na anaomba mtu mwingine awasaidie. Amani ya Mungu inayolinda mioyo inatajwa mara baada ya habari ya upatanisho. Hatuwezi kuikata hapo na kuibandika ukutani.

Lakini jambo la ajabu zaidi ni neno lenyewe. Kitenzi cha Kigiriki kinachotumika pale Paulo anapokataza kuhangaika ni *merimnao*. Katika barua hiyohiyo, sura ya 2, anakitumia kwa kumsifu Timotheo: hana mwingine kama huyo, anasema, atakayehangaikia kwa kweli mambo ya Wafilipi. Neno ni lilelile. Na katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 11, baada ya kuhesabu mapigo na ajali za baharini, Paulo anataja kitu kinachomlemea kila siku: *merimna*, mawazo kwa ajili ya makanisa yote. Na kwa Wakorintho tena, barua ya kwanza, sura ya 12, anafundisha kwamba viungo vya mwili vinapaswa kuhangaikiana.

Basi Mtume hakuwa mtu asiye na mawazo. Anachokataza ni ile hali ya kubaki nayo peke yako, yakizunguka ndani ya kichwa kama inzi katika chupa. Anachoagiza ni kuyatoa: juu, kwa Mungu, kwa jina la kila haja, na pembeni, kwa ndugu, ili yabebwe na wengi. Tukilisoma hivyo, agizo linaacha kuwa fimbo ya kumpigia mtu aliyelemewa. Linakuwa kazi ya kanisa zima. Mama anayehangaikia watoto wake walio Uvira hatendi dhambi. Dhambi, kama ipo, ni ya kanisa linalomwacha ahangaike peke yake.

Barua hiyo inatupa pia mtu ambaye tunampenda sana miezi hii: Epafrodito. Wafilipi walimtuma apeleke msaada kwa Paulo, akaugua mbali na nyumbani, karibu kufa. Na kilichomsumbua, Paulo anaeleza, ni kwamba watu wa nyumbani wamesikia kuwa ameugua. Soma tena hapo, mpendwa uliyeko Bukavu ambaye humwambii mwanao wa Lubumbashi kwamba umelala njaa, ili asipate mawazo. Neno ambalo Paulo anatumia kwa dhiki ya Epafrodito ndilo ambalo Mathayo na Marko wanatumia kwa dhiki ya Bwana Yesu pale Gethsemane. Hakuna aliyemkemea Epafrodito. Paulo alimrudisha nyumbani, na anakiri kwamba akifanya hivyo huzuni yake mwenyewe itapungua. Safari, barua, mtu kuonana na mtu: hayo ndiyo yalikuwa dawa.

Mkate, usingizi, na daktari

Eliya alipokimbia mbele ya Yezebeli na kuomba afe chini ya mti jangwani, malaika hakumhubiria. Tusome 1 Wafalme 19 polepole. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi akampa tena. Neno la Mungu lilikuja baadaye sana, baada ya mwendo wa siku arobaini, na lilikuja kwa sauti ndogo. Tunasema hivi kwa sababu mtu ambaye hajalala majuma matatu tunampeleka kesha. Mtu ambaye hajala tunamfungisha. Kesha na kufunga ni mali ya kanisa na hatutaki kuzipunguza. Lakini kila dawa ina mgonjwa wake.

Na kuna wagonjwa ambao mchungaji peke yake hawatoshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika nchi zenye vita, karibu mtu mmoja kati ya watano anaishi na ugonjwa fulani wa akili, kuanzia wasiwasi mwepesi hadi magonjwa mazito. Chukua kanisa lenye watu 200, uhesabu mwenyewe. Hapa Lubumbashi tunacho kituo cha Joseph Guislain, kinachoendeshwa na mabruda Wakatoliki. Bukavu kuna SOSAME. Goma kuna kituo ambacho jina lake peke yake ni sala: Tulizo Letu. Sisi Waprotestanti tunayo Panzi, hospitali ya jumuiya ya CEPAC, ambako Daktari Mukwege na wenzake walijifunza kwamba kushona mwili wa mwanamke aliyevunjwa haitoshi kama hakuna mtu wa kukaa na roho yake. Mukwege ni mwana wa mchungaji, naye pia anahubiri. Hakuona ugomvi kati ya sindano na sala.

Lakini bado tunasikia waumini wakiambiwa watupe vidonge ili kuonyesha imani. Tunasema bila kuzunguka: mchungaji anayemtupisha mgonjwa wa kifafa au wa akili vidonge vyake anacheza na uhai ambao si wake. Mtu akiacha kulala kabisa, akisikia sauti, akizungumza juu ya kujiua, apelekwe kituoni siku hiyohiyo, na mchungaji aende naye katika pikipiki ileile. Maombi yanaweza kufanyika njiani.

Wimbo nao una sehemu yake. Karibu theluthi moja ya Zaburi ni maombolezo. Ya 13 inamuuliza Mungu mara nne itakuwa hadi lini. Ya 88 inaishia gizani bila kufunguka. Halafu sikiliza kwaya zetu siku ya Mungu: ushindi, ushindi, ushindi. Tunapenda kwaya za Lubumbashi kuliko tunavyoweza kueleza, lakini mtu aliyetoka kilio kisicho na jeneza anahitaji dakika moja ya kumuuliza Mungu hadi lini, kwa sauti, katikati ya ndugu, bila mtu kukimbilia kumfuta machozi.

Hofu inatafuta sura

Kuna jambo la mwisho, nalo linatutia mawazo sisi wenyewe. Wasiwasi wa watu wengi haukai bila kazi. Unatafuta mtu wa kumwangukia. Katanga inajua. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala vituoni wakingoja treni, na watoto walikufa pale. Waliowafukuza hawakuwa mashetani kutoka nchi nyingine. Walikuwa majirani wenye hofu ya kazi na ya siasa, na wengi walikuwa na viti vyao kanisani.

Leo tunasikia tena maneno katika teksi. Wanaotoka Kasai wanatajwa kwa hesabu, kana kwamba ni nzige. Na tangu Goma na Uvira, mtu mwenye pua fulani au lafudhi fulani anatazamwa vibaya sokoni, hata kama baba yake alizikwa Likasi. Munyamulenge anayesali pamoja nasi anafikiri mara mbili kabla ya kuomba kwa sauti. Kama amani ya Kristo tunayohubiri inatuliza mioyo ya wengine huku ikimwacha huyo akitetemeka katika benchi lilelile, basi tumepata dawa ya usingizi tu.

Tunamkumbuka hapa mfungwa mmoja wa mji huu. Simon Kimbangu alihubiri Nkamba kwa miezi michache ya mwaka 1921, akahukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu. Alikaa kifungoni miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi wa makanisa ya Kiprotestanti tuna maswali mazito juu ya mafundisho ambayo baadaye yalijengwa juu ya jina lake, na hatuyafichi. Lakini huyu katekista aliyebatizwa na Wabaptisti hakuongoza watu wake kushika silaha, wala hakuwafundisha kuwinda jirani, ingawa alikuwa na sababu ya hofu kuliko yeyote kati yetu.

Katika parokia yetu tumeanza jambo dogo siku ya Alhamisi, saa kumi, kabla giza halijaingia, maana taa hazitegemewi. Hakuna mahubiri. Watu wanakaa kwa duara, Zaburi moja inasomwa, kila mtu anataja kwa jina mtu mmoja aliye mbali na jambo moja linalomnyima usingizi. Wengine wanaombea lililotajwa na jirani, si la kwao. Kikundi cha wamama kimeweka sanduku la pesa za simu, ili asiye na kitu aweze kupiga Bukavu au Uvira mara moja kwa juma, na shemasi mmoja amepewa kazi ya kumsindikiza kituoni yeyote anayehitaji daktari. Juma la kwanza walikuja watu tisa. Majuma yaliyofuata idadi ilipanda na kushuka. Mzee mmoja wa Gécamines alikaa kimya Alhamisi nne mfululizo. Ya tano akataja jina la mwanawe aliyeko Kamituga, ambaye hajapiga simu tangu mwezi wa pili.

Wapendwa wa Mashariki, mkiwa na majina mnayotaka tuyataje katika duara hilo, yatumeni kupitia wachungaji wenu. Na mtuandikie pia jinsi mnavyofanya ninyi, hasa walioko Uvira na wale waliovuka Burundi, kwa sababu katika jambo hili mmetutangulia.